Mwalimu, Mbona Yesu Hakuamka?

Wapendwa wasomaji, safari hii nilipanga kujibu barua za mahari na mirathi maana zimejaa mpaka droo haifungi, ila kuna barua moja imenikalisha chini wiki mbili nzima, naisoma naiweka, naisoma tena naiweka. Nikaona nianze na hiyo, halafu kumbe kupekua pekua zilizobaki nikakuta nyingine tatu zinazunguka hapo hapo. Watu wa mahari mtanivumilia mwezi mmoja tu.

SWALI

Shikamoo kaka. Mimi ni mama wa watoto wawili naishi Nyakato hapa Mwanza, nauza vitenge, na Jumapili nafundisha sande skuli darasa la watoto wa miaka 8 mpaka 11, huu ni mwaka wa sita. Mwezi uliopita somo lilikuwa Yesu anatuliza dhoruba, Marko 4. Nalipenda sana hilo somo maana watoto wa huku wanalishika haraka, mtumbwi wanaujua, mawimbi wanayajua, huhitaji hata kuwachorea. Nikafika pale Yesu amelala juu ya mto, wakacheka kama wanavyocheka kila mwaka kwasababu wanadhani ni mto wa maji, nikawaambia jamani ni mto wa kulalia, nikaendelea, upepo ukakoma, kukawa shwari kuu. Nikauliza kuna mwenye swali? Nilitegemea waniulize mtumbwi ulikuwa na rangi gani. Kuna mtoto mmoja mpole, ana miaka 10, kwao ni kisiwa cha Ukara ila anakaa hapa mjini kwa shangazi yake, akanyoosha kidole akasema, mwalimu, mbona siku ya MV Nyerere Yesu hakuamka?

Kaka, darasa zima likanyamaza. Bibi yake alikuwa kwenye kile kivuko kilichopinduka ziwani, alikuwa anarudi kutoka gulioni Bugolora. Mimi nikasema haya tusimame tuombe, na kipindi kilikuwa bado dakika ishirini kiishe. Nikaomba, nikafunga, nikawagawia biskuti wakaondoka. Yule mtoto akapokea biskuti yake akasema asante mwalimu, na hiyo asante ndo imeniuma kuliko swali lenyewe.

Tangu siku hiyo swali limekuwa langu. Usiku nikiomba naona kama naongea na dari. Sijaacha kuamini, hata kuandika hivi naogopa, ila kuna kitu kimelegea. Nikamwambia mama mmoja mkubwa pale kanisani, akanifungulia Yakobo 1 mstari wa 6, kwamba mwenye shaka ni kama wimbi la bahari na asidhani atapokea kitu kwa Bwana, akaniambia nijitakase kwanza nisije nikawaambukiza watoto. Naomba unisaidie mambo mawili, yule mtoto nimwambie nini, na je niache kufundisha? Maana najiona mnafiki.

Mwalimu, Nyakato

JIBU

Marahaba mwalimu. Kwanza pole, na pole hiyo umfikishie na mtoto.

Mimi sio mchungaji, wasomaji wa zamani wanajua, mimi ni muumini tu wa benchi la nyuma karibu na mlango ambapo kuna upepo. Kwahiyo nitakujibu kama mtu wa benchi la nyuma.

Hebu rudi kwenye Marko 4 mstari wa 38, usome taratibu. Wale wanafunzi walimwamsha Yesu wakamwambia "Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?" Umeona neno la kwanza? Mwalimu. Yule mtoto wako hajakufuru wala hajaharibu somo, yeye ndiye aliyelielewa kuliko wote, amesema kile kile walichosema watu waliokuwemo ndani ya chombo, tofauti ni kwamba wao walimuuliza Mwalimu mwenyewe na yeye akakuuliza wewe, na wewe bahati mbaya huna uwezo wa kukemea upepo. Na wale hawakuwa watoto wa mjini wasiojua maji jamani, kadhaa walikuwa wavuvi, wamezaliwa na lile ziwa. Ziwa lenyewe dogo, Bahari ya Galilaya ni kama kilomita za mraba 166 hivi, ukiichukua ukaiweka juu ya kisiwa cha Ukerewe inaingia mara tatu na chenji inabaki. Lakini waliogopa, na wakasema wazi wanachofikiria, tena kwa lawama. Si kitu kwako? Ni maneno ambayo mimi na wewe tungeambiwa tunakosa adabu kwa Mungu.

Sasa kuhusu siku yenyewe. Nitasema kitu kimoja halafu nitakionya hicho hicho. Ile Alhamisi ya tarehe 20 Septemba 2018 hakukuwa na dhoruba ya kama ile ya Marko. Kivuko kilikuwa cha kubeba watu 101 na kilibeba zaidi ya 260, siku ya gulio, watu na mizigo yao, na kilipinduka kikiwa kimeshakaribia gati la Ukara kabisa, watu nchi kavu wanaona. Wakafa 228. Kwahiyo kuna sehemu ya swali la mtoto ambayo sio ya Yesu, ni ya sisi watu wazima, tunaojaza chombo kwasababu kinachofuata hakijulikani kitakuja lini. Siku atakapokuwa mkubwa aambiwe hilo bila kuficha, maana sisi tuna tabia ya kumsukumia Mungu kesi za wanadamu.

Onyo langu ni hili, usilitumie kama jibu. Mtoto hakuuliza kwa nini kivuko kilizama, ameuliza kwa nini bibi hakuokolewa, na hilo hata ukimpa hesabu ya abiria mpaka wa mwisho bado limesimama pale pale. Tena unajua fundi wa kivuko alikutwa hai Jumamosi, siku mbili chombo kikiwa kimelala kichwa chini, amejibanza mahali penye hewa. Tulishangilia wote, na ilikuwa haki kushangilia. Sasa wewe kaa nafasi ya mjukuu wa yule bibi halafu usikilize watu wakisema Mungu ni mwema, yule fundi kapona. Mimi sina jibu la hapo, na sijakutana na mtu mwenye nalo.

Ninachokuomba tu usimwambie kwamba Mungu alimpenda bibi kuliko sisi ndo maana akamchukua. Hiyo sentensi kila msiba ipo, wanaoisema wana nia nzuri, ila mtoto wa miaka 10 anaisikia hivi, Mungu akikupenda anakuzamisha.

Nikupe stori ya nyumbani. Mimi nilikuwa sekondari MV Bukoba ilipozama, tarehe 21 Mei 1996. Baba mdogo wangu alikuwemo, anatoka Bukoba. Amezikwa Igoma pamoja na wale wengi. Baba yangu wakati huo alikuwa mzee wa kanisa, sauti ya besi, yaani akiimba unaisikia kwenye ubao wa benchi. Baada ya msiba akawa haimbi. Hakukosa Jumapili hata moja, anavaa koti lake lile lile la kahawia, anasimama watu wakisimama, kitabu cha nyimbo mkononi, namba ikitajwa anaifungua kabla yetu sisi watoto, na beti ikihamia ukurasa wa pili anafunua kwa wakati kabisa. Lakini mdomo umefungwa. Mimi nilikuwa naona aibu, naangalia kama watu wanamwangalia. Ikapita Krismasi, ikaja Pasaka, ikapita. Kulikuwa na mwinjilisti mmoja mzee ambaye nafasi yake ilikuwa mbele na wakubwa, siku moja akahama akaja kukaa na baba benchi letu, akakiacha kitabu chake nyumbani ili ashike ncha moja ya kitabu cha baba. Mwinjilisti anaimba, baba kimya, wameshika kitabu kimoja. Miezi na miezi. Sikuwahi kumsikia akimwambia neno zaidi ya habari za asubuhi.

Halafu Jumapili moja tu, hata sio sikukuu, katikati ya ubeti wa tatu nikasikia benchi linatetemeka.

Nimekuja kumuuliza nikiwa na watoto wangu. Nikamwambia baba, kile kipindi ulikuwa umeacha kuamini? Akafikiria akasema hapana, nilikuwa nimemnunia. Nikashangaa, umemnunia nani? Mungu. Nikasema sasa kama ulimnunia mbona ulikuwa unaenda kanisani kila wiki? Akaniangalia kama sijasoma, akasema kwani wewe ukimnunia mkeo huwa unahama nyumba?

Mwalimu, mtu asiyekuwepo humnunii. Hicho ulichoandika kwamba kimelegea, mimi ninavyosoma barua yako naona mtu aliyenuna, amekaa kwenye kona ya nyumba ile ile, bado anapika, bado anafagia, anasubiri mwenye nyumba aseme kitu. Sitaki kukudanganya kwamba wote hurudi kuimba. Wapo niliosoma nao walioondoka na hawajarudi, na ni watu wazuri. Ila wengi wao hawakuondoka kwa sababu ya swali. Waliondoka kwa sababu walipouliza waliambiwa wajitakase.

Na hapo tufike kwa yule mama mkubwa na Yakobo wake. Mstari upo, siupingi. Lakini mwambie, kwa heshima, mama naomba tuanze juu kidogo, mstari wa 5. Pale Yakobo anaongea na mtu aliyepungukiwa na hekima, yaani mtu ambaye hajui afanye nini, kama wewe na lile darasa. Anasema aombe kwa Mungu "awapaye wote, kwa ukarimu, wala hakemei". Hakemei! Mungu hakemei anayekuja hana jibu, ila sisi kanisani tunakemea. Halafu ukishuka mstari wa 8 utaona wimbi lenyewe ni nani, ni mtu wa nia mbili, mguu mmoja kwa Mungu na mwingine kashauweka kwingine endapo Mungu atachelewa, kama wale wanaoombewa asubuhi na usiku wako kwa mganga. Huyo ana uhakika sana mwalimu, ana uhakika pande mbili. Wewe una nia moja na machozi.

Kiswahili chetu chenyewe kinatufundisha hapa, sijui kama umewahi kuona. Tunasema mashaka tukimaanisha kutokuwa na hakika, na tunasema mashaka tukimaanisha taabu, mtu kapata mashaka safarini. Wazee walioiweka lugha hii walijua hivyo vitu viwili hulala kitanda kimoja. Na imani nayo hivyo hivyo, imani ni kuamini, lakini mtu mkatili tunasema yule hana imani. Fanya imani bwana, maana yake hurumia. Sasa ukisoma barua ya Yuda mstari wa 22, "wahurumieni wengine walio na shaka", unaona yule anayemkaripia mwenye mashaka ndiye aliyepungukiwa imani, zote mbili pengine.

Watu watakutajia Tomaso pia, yule mwanafunzi aliyekataa kuamini kwamba Yesu kafufuka, jiandae. Watakuonyesha kidole chake na makovu. Mimi nikifika hapo huwa naangalia zile siku nane. Yohana anasema jioni ile Yesu alipokuja Tomaso hakuwepo, akaambiwa akakataa, nisipoona sisadiki, na baada ya siku nane wanafunzi walikuwa tena ndani "na Tomaso pamoja nao". Siku nane! Watu kumi wanasema tumemwona, mmoja anasema mimi bado, na wanakula pamoja, wanafunga milango pamoja, hakuna aliyemwambia toka utatuambukiza na yeye hakuondoka akatafuta wenzake. Kama angekuwa amefukuzwa Jumatatu, Yesu angemkuta wapi? Na huyu huyu ndiye aliyesema mapema kule Yohana 11, twendeni na sisi tufe pamoja naye, wenzake wakiwa wanahofia kupigwa mawe. Mpaka leo kuna Wakristo kule Kerala, India, wanaoshika mapokeo kwamba Tomaso ndiye aliyewaletea Injili, wanajiita kwa jina lake.

Kuhusu kuongea na dari. Mama Teresa wa Calcutta alifariki 1997, na mwaka 2007 zikachapishwa barua alizowaandikia waungamishi wake, dunia ikashtuka, kumbe karibu miaka 50 alikuwa akiomba na hasikii kitu ndani yake, giza. Na kila asubuhi alikuwa anaamka anaenda kuwaosha watu wanaokufa barabarani. Kanisa Katoliki limemtangaza mtakatifu 2016 likiwa linazijua barua zote hizo. Sisemi sasa giza ndo utakatifu, wapo vijana wakisikia hivi wanaanza kujivunia mashaka kama wamenunua simu mpya, hapana. Na kama hulali kabisa, huli, unalia bila sababu, hilo nenda ukamwone daktari, sio kila kitu ni cha kiroho. Nasema tu dari sio ishara kwamba huna imani.

Haya sasa mtoto. Mfuate, usisubiri Jumapili, muombe ruhusa shangazi yake. Mwambie hivi, swali lako lilikuwa zuri na mimi nilikimbia, samahani. Watoto hawaombwi samahani na watu wazima, ataikumbuka hiyo mpaka anaoa. Mwambie sijui jibu, nimetafuta sijapata, ila sitaacha kukutafutia na tutamuuliza Yesu wote wawili. Halafu muulize habari za bibi. Alikuwa anaitwa nani, alikuwa anapika nini, alikuwa anacheka vipi. Alikuwa mdogo sana wakati ule, kama miaka mitatu, labda hakumbuki kitu, labda anakumbuka kanga tu, basi shangazi atajazia. Ninavyohisi mimi kwenye ile nyumba hakuna anayemtaja bibi, ndo maana mtoto amekuja kumtaja kwako.

Na siku darasa likikutana tena usirukie somo jipya kana kwamba hakikutokea kitu. Wasomee Zaburi ya 13, ile inayomuuliza BWANA hata lini utanisahau. Fupi, watoto wanaiweza. Ya 88 waachie wakubwa, ile inaisha gizani kabisa hakuna hata mstari mmoja wa kufuta machozi. Waambie haya nayo yamo kwenye Biblia, na yalikuwa yanaimbwa.

Kuacha kufundisha, hapana. Ukiona sauti inagoma mwombe mwenzako akushikie Jumapili mbili ukae na watoto kwenye mkeka, kama mapumziko na sio kama adhabu. Mnafiki ni yule anayesema asichokiona. Wewe ukisali ile sala ya baba wa yule kijana mwenye pepo, Marko 9, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu", utakuwa hujadanganya hata silabi moja, na kumbuka alisali hivyo mtoto wake akiwa bado mgonjwa na Yesu hakumwambia nenda kamalizie kwanza kuamini halafu urudi.

Ukipata nafasi niandikie mtoto alisema nini.

SWALI

Kaka habari za kazi. Kuna huduma fulani nasali siku hizi, kila wiki kuna mafuta mapya, ya kufungua biashara, ya ndoa, ya visa, chupa ndogo elfu ishirini. Nimenunua tatu. Mimi ni bodaboda hapa Mabatini na biashara ndo imezidi kulala. Nikauliza kwa upole nikaambiwa nina roho ya shaka ndo inazuia. Je ni kweli shaka langu limezuia?

Bodaboda, Mabatini

JIBU

Hapana. Elfu sitini ndo zimezuia.

Mdogo wangu, kumhoji mtu aliyeshika chupa sio kumhoji Mungu, hayo ni mashaka ya aina nyingine kabisa na hayo mimi nayaita akili. Paulo mwenyewe alipofika Beroya, watu wa pale walimsikiliza halafu wakaenda kuchunguza Maandiko kila siku kuona kama ndivyo yalivyo, ipo Matendo 17 mstari wa 11, na wakaitwa waungwana kwa sababu hiyo. Hawakuambiwa wana roho ya shaka. Huyo wa kwako akikataa kuhojiwa ilhali Paulo alikubali, jiulize. Hela ya chupa ya nne kabadilishe breki, nimeziona bodaboda za pale Mabatini zinavyoshuka.

SWALI

Mimi ni mwanafunzi wa chuo naishi Nyegezi. Nimelelewa kwenye dini, baba ni katekista. Mwaka huu nimeanza kuangalia klipu za watu wanaochambua Biblia, wanaonyesha Injili zinapishana, mfano wanawake waliokwenda kaburini kila Injili ina idadi yake. Nimeangalia nyingi mno, naenda mpaka saa nane usiku, asubuhi nahisi nimeibiwa kitu. Niache kuangalia au niache kuamini?

Mwanachuo, Nyegezi

JIBU

Uache kwanza kuangalia saa nane usiku. Saa nane usiku hata ukiangalia klipu za kupika ugali utapata wasiwasi.

Hilo la wanawake ni kweli, hujadanganywa. Mathayo anataja wawili, Marko watatu, Luka anataja wengine zaidi akiwemo Yoana, Yohana anamtaja Mariamu Magdalene peke yake. Lakini usidhani limegunduliwa juzi na mtu mwenye maiki nzuri. Karibu mwaka 170 kulikuwa na Mkristo mmoja msomi, Tatian, akaona hizi tofauti zinasumbua akazishona Injili nne zikawa habari moja iliyonyooka, na makanisa ya Siria yakaisoma kwa miaka mingi mno, mpaka karne ya 5. Wangeweza kubaki na hiyo, ingekuwa rahisi kuitetea. Kanisa likarudi kwenye nne, na mipishano yake yote. Mimi hilo linanipa amani kuliko maelezo ya kulazimisha, maana shahidi wanne wakisema neno kwa neno polisi huwa wanajua walikaa kikao. Ajali ikitokea pale Buzuruga konda ana stori yake, muuza maji ana yake, abiria wa dirishani ana yake, na gari kweli limegonga.

Yapo maswali mazito kuliko hilo na utakutana nayo, usiogope. Ila yasome kwenye vitabu vizima, mchana, na mtu wa kubishana naye akiwa amekaa mbele yako. Na mzee wako wa katekista usimfiche. Utashangaa ana maswali gani, hakuna aliyewahi kumuuliza.

SWALI

Kijana, mimi nina miaka 71, nimebatizwa nikiwa mdogo, nimekuwa mvuvi wa dagaa miaka mingi sasa nimepumzika niko Nansio. Nilidhani nikizeeka mashaka yataisha. Hayajaisha. Kuna siku naamka naamini kila kitu na kuna siku naangalia ziwa asubuhi nasema hivi kweli yupo? Ni kawaida au nina tatizo?

Mzee, Nansio

JIBU

Shikamoo mzee. Umenivunja moyo kidogo, maana sisi wa huku tulikuwa tunasubiri mtu wa umri wako atuambie yaliisha mwaka gani.

Ni kawaida mzee wangu. Ukifungua Mathayo sura ya mwisho, mstari wa 17, Yesu kashafufuka, yupo mbele yao mlimani, hakuna cha kusimuliwa tena, na imeandikwa walimsujudia lakini baadhi yao waliona shaka. Wanamwangalia kwa macho! Na hakuwapanga mistari miwili, wenye hakika huku na wenye shaka kule, akawatuma wote kwa pamoja. Wewe uliyekaa miaka yote hiyo hujamwona hata mara moja na bado siku nyingine unaamka unaamini kila kitu, mimi nakuona uko mbali sana.

Halafu wewe mvuvi wa dagaa unajua zaidi yangu. Mwezi ukiwa mkali mlikuwa mnaenda ziwani? Si mlikuwa mnabaki mwaloni mnashona nyavu, mnasubiri giza liingie ndo muwashe taa. Nieleze vizuri ilikuwaje, ukija mjini pita ofisini utukute, saa nne tunakuwa na chai. Ukiweza njoo na dagaa, wale wakavu wa kuanika juani, wa hapa sokoni siku hizi wana mchanga.